Cheche Inapokosekana: Utangulizi wa Uwashaji katika Injini Ndogo za Petroli

Huenda wewe ni mwendesha bodaboda wa Doldol, mwanafunzi anayeanza ufundi Nanyuki, au mfugaji mwenye pampu ya kuvuta maji bwawani. Huenda pia hujawahi kushika spana. Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili yako. Lengo lake ni moja: uweze kuiuliza injini maswali kwa mpangilio kabla hujatoa pesa kununua kipuri.

Injini ndogo ni mwalimu mzuri kwa sababu haina mengi ya kuficha: silinda moja, plagi moja na nyaya chache. Na misingi yake inasafiri mbali. Ukiielewa pampu iliyo mbele yako hapa Laikipia Kaskazini, umeshaelewa sehemu kubwa ya injini ambayo mvuvi wa Lamu au wa Ziwa Turkana huifunga nyuma ya boti yake.

Tuanze na yaliyo ya lazima. Injini ya petroli huhitaji mambo manne: petroli, hewa, mgandamizo, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Mgandamizo ni kule kubanwa kwa mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda, pale pistoni inapopanda. Cheche huuwasha mchanganyiko huo uliobanwa, nao mlipuko huisukuma pistoni chini. Likikosekana moja kati ya hayo manne, injini haiwaki. Kwa hiyo usiseme mara moja kwamba tatizo ni la umeme. Vuta kamba ya kuwashia mara kadhaa, kisha ifungue plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, huenda petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki, na hapo una sababu nzuri ya kuishuku cheche.

Sasa utauliza: cheche inatoka wapi, ilhali pampu haina betri? Jibu liko kwenye gurudumu zito linalozungushwa na kamba. Ukingoni mwake mna sumaku, na kando yake koili, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa juu ya chuma. Mwaka 1831, Michael Faraday alionyesha jijini London kwamba sumaku inayosogea karibu na waya huzalisha umeme ndani ya waya huo. Koili ina mizunguko ya aina mbili: michache ya waya mnene, na maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Umeme unaopita katika waya mnene unapokatwa ghafla, waya mwembamba hutoa volti nyingi sana, elfu kumi na zaidi. Nguvu hiyo hupita kwenye kebo hadi kwenye plagi na kuruka pengo dogo lililo nchani. Mfumo huu wa sumaku na volti kubwa ulikamilishwa mwaka 1902 na Gottlob Honold, mhandisi wa karakana ya Robert Bosch kule Ujerumani. Zamani umeme ulikatwa na vidole vya chuma vilivyofunguka na kufunga. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kifaa cha kielektroniki. Bodaboda nyingi zina kisanduku kiitwacho CDI, ambacho huhifadhi umeme na kuumwaga kwa mkupuo ndani ya koili.

Bomba la maji likikauka, huanzi kwa kuchimba kisima kipya. Unafuata mpira kutoka bombani kurudi kwenye tangi. Cheche nayo itafute hivyo hivyo, kuanzia mwisho wa safari yake.

Kwanza, plagi. Ichomeke kwenye kofia ya kebo, ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, na mwili wake uguse chuma cha injini mbali na tundu la silinda, kwa maana mvuke wa petroli hushika moto. Hakikisha swichi imewashwa, kisha vuta kamba. Cheche ya buluu iliyo kali ni dalili njema. Nyembamba ya manjano ni dhaifu. Usipoona kitu, jaribu plagi nzima. Pengo la plagi katika pampu nyingi ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Pili, kofia na kebo. Tafuta kutu, ufa, au mahali palipoliwa na panya.

Tatu, waya wa kuzimia. Wanaoanza hushangaa hapa: swichi haizimi injini kwa kuukatia umeme njia, bali kwa kuupeleka kwenye mwili wa injini kabla haujawa cheche. Waya uliochubuka na kugusa chuma hufanya vivyo hivyo. Uchomoe kwenye koili, upime tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima. Kosa liko kwenye swichi au waya. Usiiwashe injini ukiwa umeuchomoa, maana swichi haitaizima. Pampu nyingi pia zina kihisi kinachozuia cheche oili ikipungua. Pampu iliyoinama kwenye ukingo wa bwawa inaweza kukidanganya, basi isimamishe sawa na upime oili.

Nne, koili yenyewe. Futa vumbi na kutu kwenye sumaku, na hakikisha nafasi kati ya koili na gurudumu ni kama milimita 0.4. Koili inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa ipimwe pale pale inapozima. Na kama cheche ipo lakini kamba inakurudisha mkono kwa nguvu, huenda kipini kinacholishikilia gurudumu kimekatika, na cheche inatokea wakati usio wake.

Nyanda zetu zina fumbo lake. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepangwa kwa ajili ya pwani itamimina petroli kupita kiasi. Chujio la hewa lililoziba vumbi la barabarani huzidisha hali hiyo. Plagi hufunikwa na masizi meusi, na umeme hupita juu ya masizi badala ya kuruka pengo. Mtu atabadilisha plagi kila mara akilaumu umeme, kumbe chanzo ni hewa. Ndiyo maana rangi ya plagi isomwe kabla ya plagi kutupwa; ya kahawia hafifu huonyesha uchomaji mzuri.

Nakushauri uanze mazoezi kwenye injini inayofanya kazi vizuri. Itazame cheche yake, ipime nafasi ya koili, ifuate njia ya waya wa kuzimia, na uandike ulichokiona. Siku injini itakapogoma, utakuwa na cha kulinganishia.