Msimu Unapoliwa na Theluji

Jumamosi, saa mbili usiku. Mvua inapiga mabati hapa Umoja na stima imeshapotea mara mbili. Simu inaita. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Minnesota, Marekani. Kwao ni saa sita mchana. Amevaa koti zito na kofia ya sufu, na mkono wa kushoto una glavu ya ngozi. Yuko ndani ya gereji, anarusha mpira kwenye wavu alioufunga ukutani.

"Cuzo, leo pia wameahirisha," ananiambia. "Hii sasa ni ya tano."

Anageuza simu ili nione nje. Paa, magari, barabara, kila kitu ni cheupe. Theluji. Na tuko katikati ya Aprili.

Huyu msee ana miaka 18 na yuko mwaka wa mwisho wa shule ya upili. Ni mrushaji wa timu yao ya besiboli, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mtu mwenye gongo. Anataka kocha wa chuo fulani amwone akicheza kabla hajamaliza shule, kwa sababu shangazi hufanya shifti mbili za kuhudumia wazee, na karo ya chuo huko si mchezo. Lakini kocha ataona nini kama hakuna mechi?

Hapo ndipo nilianza kufuatilia haya mambo.

Kalenda inasema kuchipua, anga inasema ngoja

Kule, besiboli ya shule ni mchezo wa majira ya kuchipua. Minnesota huanza mazoezi Machi, na fainali za jimbo huchezwa Juni. Kwenye karatasi muda upo. Shida ni kwamba Machi huko bado ni baridi kali, na Aprili haieleweki. Leo jua, kesho theluji, keshokutwa mvua.

Chukua Aprili 2018. Kati ya tarehe 13 na 15, dhoruba ya theluji iliangukia Minneapolis na kuacha zaidi ya inchi 14, kama sentimita 36 hivi. Hata Minnesota Twins, timu ya kulipwa yenye wafanyakazi na mashine za kila aina, iliahirisha mechi. Sasa fikiria uwanja wa shule unaotunzwa na kocha pamoja na vijana wenye reki.

Na theluji ikiyeyuka, inaacha matope. Viwanja vingi vya shule vina udongo mtupu pale wachezaji wanapokimbilia. Ukilowa, unateleza, na mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Watu hufunika kwa turubai, hunyonya maji kwa sponji, humwaga udongo mkavu juu. Jua linaweza kuwaka saa sita na bado mechi ya saa kumi ikaahirishwa kwa sababu ardhi haijakauka. Kukinguruma, kanuni za michezo ya shule zinataka kila mtu atoke uwanjani na kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 29, mnaanza kuhesabu upya.

Siku mkicheza nayo, baridi inacheza pia. Binamu anasema kugonga mpira kwa gongo la alumini kwenye baridi ni kama kushika waya wa stima. Mrushaji huhitaji kuhisi nyuzi za mpira kwa ncha za vidole ili aupinde. Vidole vikifa ganzi, mpira unaenda unakotaka wenyewe. Tena hewa baridi ni nzito, kwa hivyo mpira uliopigwa safi hauendi mbali vile ungeenda Juni. Ukisoma takwimu za Aprili za kijana kama huyo, utadhani hajui kucheza, kumbe ni baridi.

Hesabu ya mikono

Kilichonishtua zaidi ni kinachofuata. Mechi zilizoahirishwa nyingi hupangwa upya, na Mei inajaa. Mechi nne au tano kwa wiki, wakati mwingine mbili kwa siku moja. Kwa soka ungesema ni uchovu tu. Kwa besiboli kuna sheria.

Tangu 2017, kanuni za kitaifa za besiboli ya shule zinataka kila chama cha jimbo kiweke kikomo cha mipira ambayo kijana anaruhusiwa kurusha, pamoja na siku za kupumzika. Mwongozo wa ligi kuu, MLB, unasema kijana wa miaka 17 au 18 asizidi mipira 105 kwa siku, na akirusha 81 au zaidi, apumzike siku nne. Sheria hii ni poa. Kurusha kwa nguvu kila siku huumiza kiwiko, na kuna vijana wanaishia kwa upasuaji kabla hawajapata hata kazi ya kwanza.

Lakini piga hesabu. Wiki ina mechi tano, na mrushaji wako bora akishafanya kazi yake Jumatatu, anarudi Jumamosi. Hizo zingine nani atarusha?

"Kocha ana warushaji watatu wa kuaminika," binamu ananiambia. "Wiki ya mechi tano, tumekwisha."

Mwenye paa na mwenye gereji

Hapa ndipo chapaa inaingia. Shule yenye nyasi bandia inaweza kucheza muda mfupi baada ya mvua, wakati jirani yake bado anapambana na matope. Timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota imewahi kucheza mechi zake za mapema ndani ya U.S. Bank Stadium, uwanja wenye paa uliofunguliwa 2016. Wazazi wenye doo hulipia watoto wao kumbi za mazoezi za ndani, ama safari za kwenda Florida na Arizona kwenye joto. Mwenye gereji anatumia gereji.

Maskauti nao wanajua hali hii. Kijana wa California watamtazama mara nyingi, jua likiwaka. Wa kaskazini watamwona mara chache, tena akitetemeka. Mike Trout alikulia Millville, New Jersey, ambako Aprili pia huwa na baridi yake. Mwaka wa 2009 wachezaji 24 walichaguliwa mbele yake. Baadaye akashinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara tatu.

Utaniambia kuna Joe Mauer, mtoto wa St. Paul, Minnesota, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka wa 2001 na akaingia Ukumbi wa Magwiji 2024. Kweli. Lakini Mauer ni Mauer. Mwenye kipaji cha kutisha ataonekana hata kwenye dhoruba. Anayehitaji mechi nyingi ni yule mzuri wa kawaida, yule ambaye siku yake nzuri lazima iangukie siku kuna mtu anatazama.

Kalenda ina wenyewe

Sisi tunaijua hii hadithi bila theluji. Mwaka wa 2024, wakati wa mafuriko, muhula wa pili ulipaswa kuanza Aprili 29, ukasogezwa hadi Mei 6, na mwishowe shule zikafunguliwa Mei 13. Nami nilipokuwa kidato cha nne, beki wa kushoto, mvua ilizamisha uwanja wetu na mechi za zoni zikapangwa upya. Tulicheza mbili kwa siku moja. Ya pili nilitoka nikichechemea, msuli umekaza, na tukatolewa. Hakuna aliyesema ni mvua. Matokeo yaliandikwa tu: walishindwa.

Miaka miwili baadaye niliacha chuo. Karo ilichelewa wiki tatu na usajili ukafungwa. Kwa hivyo nikisikia watu wakimwambia binamu "kutakuwa na msimu mwingine", najua wanasema vizuri na najua si kweli. Mdogo akipoteza Aprili, anaudhika. Wa mwaka wa mwisho akipoteza Aprili, huo ndio msimu umeenda.

Hali ya hewa haina mwenyewe wa kulaumu. Kalenda inaye. Ukivuka mpaka wa kusini wa Minnesota unaingia Iowa, na huko besiboli ya shule huchezwa majira ya joto, hadi Julai. Si ati ni rahisi. Wa mwaka wa mwisho anakuwa ameshahitimu na bado anaichezea shule, na vijana wengine wanataka miezi hiyo watafute kazi ama wachezee klabu. Lakini kuna jimbo zima lililokaa chini, likaangalia anga, likapanga mechi wakati ardhi imekauka. Kwingine wanaendelea kupanga Aprili, halafu wanashangaa mwaka baada ya mwaka.

Jumanne nikapata ujumbe. Picha ya uwanja, theluji imebaki vipande pembeni, vijana sita wanakunja turubai. Chini ameandika: "Alhamisi tunacheza. Selsiasi 4. Mimi ndio nitarusha."

Nikamuuliza, na yule kocha wa chuo?

"Amesema atakuja, kama haitanyesha."