Chaja ya Motokaa ya Stima: Usilipie Joto



Siku hizi motokaa za stima zimekwisha kuonekana katika barabara zetu, na pengine wewe pia wafikiri kununua moja. Wanunuzi wengi huuliza habari za betri tu. Yafaa uulize pia habari za chaja iliyo ndani ya motokaa, maana stima ya ukutani hupitia humo ili ifike kwenye betri. Mfereji ukivuja, shamba halipati maji yote. Na chaja ni vivyo hivyo.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, nayo huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Betri haiwezi kuipokea hivyo. Yataka stima iendayo upande mmoja tu. Kazi ya chaja ni kuigeuza, na kazi hiyo ina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza huinyosha stima, tena huivuta sawasawa. Chaja mbaya huvuta kwa kushtuka, kama maksai wa plau wasiokwenda hatua moja: nyaya hupata moto bure. Sehemu ya pili huikatakata stima upesi sana, kama mara 100,000 kila sekunde, huipitisha katika transfoma, kisha huinyosha tena kwa kadiri betri inavyotaka. Kwa sababu ya upesi huo, transfoma ndogo yatosha. Nayo huitenga betri na waya za ukutani, watu wasidhurike.

Kila swichi ikifunguka na kufungika hupoteza stima kidogo, ikawa joto. Ndiyo sababu chaja nyingi mpya zina swichi za silikoni kabaidi, ambazo hupoteza kidogo kuliko zile za silikoni tupu.

Sasa tufanye hesabu. Betri yataka yuniti 20. Chaja inayofikisha 85 katika kila 100 itavuta yuniti 23.5 ukutani, inayofikisha 95 itavuta 21. Tofauti ni yuniti 2.5. Ukichaji hivyo mara 200 kwa mwaka, ni karibu yuniti 500. Mita huzihesabu zote, na wewe huzilipia, lakini zimekuwa joto tu. Tena joto hilo huichakaza chaja yenyewe.

Basi, kabla ya kununua, fanya haya:

1. Uliza chaja ni ya kilowati ngapi, na hufikisha ngapi katika kila 100. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya yuniti 24. Kwa chaja ya kilowati 3.3, kuijaza huchukua karibu saa 8.

2. Usichaji kwa stima hafifu mno. Kompyuta na pampu za motokaa hula kiasi chao kila saa mpaka kazi iishe, hata betri ikijaa polepole.

3. Mwite fundi wa stima mwenye leseni akague waya za nyumba yako. Usitumie kamwe waya mwembamba wa kuunganishia, maana waweza kuwaka usiku watu wamelala.