Masharti ya Mlango wa Gesi katika Uigaji wa Seli za Fueli

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kukadiria kiasi cha gesi kinachoingia katika kielelezo cha kompyuta cha seli ya fueli yenye utando wa polima. Hoja kuu ni kwamba kiasi hicho hakichaguliwi kiholela. Hutokana na mkondo wa umeme unaotarajiwa, na kosa katika kuhesabu unyevu huweza kupotosha matokeo yote pasipo kompyuta kutoa onyo.

2.0 Msingi wa Hesabu

Kila molekuli ya haidrojeni hutoa elektroni 2 kwenye anodi, na kila molekuli ya oksijeni hupokea elektroni 4 kwenye kathodi. Kwa kuwa moli 1 ya elektroni hubeba chaji ya kulombi 96,485 hivi, mkondo ukijulikana, matumizi ya gesi nayo hujulikana. Hata hivyo, gesi huingizwa kwa ziada. "Uwiano wa ugavi" hapa una maana ya kiasi kinachoingizwa kikigawanywa kwa kiasi kinachotumika.

Ichukuliwe seli yenye eneo tendaji la sentimita za mraba 25, inayotoa ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, yaani ampea 25. Kathodi yake hutumia milimoli 0.0648 za oksijeni kwa sekunde. Hewa kavu ina oksijeni asilimia 21 hivi. Basi, kwa uwiano wa ugavi wa 2, huhitajika milimoli 0.617 za hewa kavu kwa sekunde, sawa na gramu 0.018 hivi.

3.0 Athari ya Mvuke

Utando hupitisha protoni vizuri ukiwa na maji. Kwa hiyo hewa aghalabu hutiwa mvuke kabla ya kuingia. Katika nyuzi 80 za Selsiasi, kanieneo ya mvuke katika hewa iliyojaa unyevu ni kilopaskali 47.4 hivi. Iwapo kanieneo ya jumla ni kilopaskali 101.3, mvuke huchukua karibu asilimia 47 ya moli zote, na oksijeni hubaki asilimia 11 tu.

Mtafiti akidumisha jumla ile ile ya milimoli 0.617, uwiano wa ugavi hushuka kutoka 2 hadi 1.06. Volteji hushuka, naye huenda akakilaumu kichocheo au utando, ilhali kosa limefanyika mlangoni. Utaratibu ulio sahihi ni kukokotoa hewa kavu kwanza, kisha kuongeza mvuke. Jumla huwa milimoli 1.16 kwa sekunde.

4.0 Hitimisho

Pale ambapo volteji ndiyo iliyowekwa, mkondo huwa jibu la hesabu. Hapo kiasi cha gesi ama kikokotolewe upya katika kila hatua, ama kidumishwe na jambo hilo litajwe wazi. Vilevile, ripoti ya uigaji haina budi kutaja uwiano wa ugavi, mkondo uliotumika kuukokotoa, unyevu, halijoto na kanieneo. Bila hayo, mtafiti mwingine hawezi kuyarudia wala kuyahakiki matokeo.