Ploti ya Kwanza Kitale: Ganji Inatoka Wapi, na Mbona Karatasi Ndio Inaamua Mambo

Kama umeishi Kitale hii simu unaijua. "Buda, niko na eighth hapa Kiminini, lami unaiona na macho, laki nne na nusu tu. Lakini kuna mse wa Bungoma anakuja kesho na cash." Huyo mse wa Bungoma hufika lini hakuna anayejua, ila presha ushawekewa. Sasa umekaa kwa bedsitter yako Tuwan ukijiuliza hiyo chapaa utaitoa wapi.

Benki wacha tuitoe njiani mapema. Mwisho wa 2023, Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba kama 30,000 pekee, na sisi ni zaidi ya milioni 50. Hiyo laini si yako bado. Vijana wengi wanaonunua ploti huku wanapitia Sacco, chama, ama mahindi ya mathee yakiuzwa.

Tuchukue Sacco, tupige hesabu ya mfano. Unalipwa 35,000 kwa mwezi. Unaweka 6,000 kila mwezi kwa miaka miwili, unafika 144,000. Sacco nyingi hukupa mara tatu ya akiba yako, hapo ni 432,000. Riba ikiwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na ulipe miezi 48, kila mwezi unatoa karibu 11,400. Na usisahau ile 6,000 ya akiba haisimami. Kwa hivyo ni 17,400.

Sasa angalia payslip. KRA, NSSF, SHA na housing levy zikishakula, 35,000 inabaki kama 29,500. Toa 17,400, unabaki na elfu kumi na mbili na chenji. Sheria ya Ajira inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, so umepita kwa tundu la sindano. Lakini hiyo elfu kumi na mbili ni rent, unga, fare na bundles. Kwa miaka minne. Kama huna side hustle, chagua ploti ndogo ama ngoja mwaka mmoja zaidi. Na wale wasee waliokuwekea sahihi kama wadhamini, ukikwama ni akiba yao italiwa. Urafiki huisha hapo.

Pia laki nne na nusu haiishii hapo. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani nje ya manispaa na asilimia 4 ndani, yaani 9,000 ama 18,000. Bado wakili na surveyor. Ile kodi ya faida ya asilimia 15 ni ya muuzaji, asikubebeshe. Na tukiwa hapo: eighth kamili ni futi mraba 5,445. Ile ya hamsini kwa mia ni 5,000. Uliza unauziwa gani.

Haya, sasa mambo ya karatasi, na hapa ndio vijana wa Trans Nzoia huumia.

Mashamba mengi huku yalikuwa ya wazungu. Baada ya uhuru, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi ziliyachukua, wanachama wakagawiwa vipande. Wengine hawajawahi kupata title yao mpaka leo. Shamba lote bado liko kwa title moja mama, wakati mwingine kwa jina la guka aliyefariki kitambo. Mjukuu anakata vipande, anakuandikia agreement mbele ya mzee wa mtaa, mnapiga picha, mnakula nyama. Hiyo ndio inaitwa ploti ya agreement, na ndio maana ni bei rahisi.

Ubaya wake si kwamba lazima utafukuzwa. Kuna watu wamekaa kwa ploti za agreement miaka ishirini. Ubaya ni kwamba hiyo karatasi haiwezi kukusongesha mbele. Msee mwenye title anaiweka kwa benki kama dhamana, anachukua mkopo wa pili, anajenga singo nne karibu na Kitale National Polytechnic, wanafunzi wanamlipia loan. Wewe uliyeokoa laki moja na nusu utajenga kwa kuchanga mabati moja moja. Na kama guka hajafanyiwa succession kortini, huyo mjukuu hana hata kitu cha kukuuzia. Akina shangazi wakiamka utakuwa shahidi kwa kesi ya familia isiyo yako.

Kama ni shamba la kilimo, Land Control Board lazima itoe kibali, na maombi yanafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mweke sahihi. Bila hicho kibali sheria inasema mapatano ni bure. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufaa kule Eldoret ilisema haki inaweza kumwokoa mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba hata kama kibali hakikupatikana. Poa, lakini huyo mnunuzi alifika mpaka Mahakama ya Rufaa. Hesabu fee ya wakili kwanza.

Kwa hivyo broka akipiga, usimuulize bei. Muulize namba ya title. Akiitoa, fanya search rasmi wewe mwenyewe, si ile amekuja nayo imekunjwa mfukoni. Angalia jina la mwenye shamba, kama kuna loan juu yake, kama kuna kizuizi. Kama ameoa, mke lazima akubali kwa maandishi. Kisha lipa asilimia 10 kupitia kwa wakili, iliyobaki ingoje kibali, na siku ya kumalizia fanya search tena, maana wiki sita ni mrefu na kuna wasee huuza ploti moja mara tatu.

Na akianza kusema "title iko njiani", mwambie mse wa Bungoma aichukue tu.