Kutoka Chang'ombe hadi Msimbazi na Jangwani: Panga vizuri safari ya mtoto mpenda soka

Mwanafunzi wa darasa la nne anayeishi Chang'ombe, jijini Dodoma, anaweza kutaja kikosi kizima cha Simba au Yanga bila kukosea hata jina moja. Ukimuuliza klabu yake ilianzishwa mwaka gani, au wachezaji wa zamani walivaa jezi gani, anabaki anakodoa macho. Klabu hizo anazijua kupitia simu ya baba, redio ya kwenye bajaji na televisheni ya kibanda umiza.

Ndiyo maana wazazi wengi hukutana na ombi hili kila likizo inapokaribia: "Baba, nipeleke nikaone kwa Simba." Au kwa Yanga. Wengi hujibu "tutaenda", kisha likizo inaisha bila safari. Wengine huondoka kwa haraka, bila mpango, na kurudi na mtoto mgonjwa na mfuko mtupu wakati ada ya shule inasubiri.

Ulaya jambo hili limezoeleka. Barcelona ya Hispania ilifungua makumbusho yake mwaka 1984, na Manchester United ya Uingereza ikafuata mwaka 1986. FIFA nayo ilifungua ya kwake mjini Zürich mwaka 2016. Familia hukata tiketi na watoto wakaona makombe, jezi za zamani na viatu vya magwiji. Kwa familia ya Dodoma safari ya huko ni ndoto ya mbali, lakini historia ya soka la nyumbani ipo Dar es Salaam, na tangu Julai 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya majiji haya mawili, safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya takriban saa nne.

Nini cha kumwonyesha mtoto

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ikafuata mwaka 1936 kwa jina la Queens, baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, na ilipofika mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Makao ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na ya Yanga yapo Jangwani, mwendo mfupi kutoka hapo. Kwa hiyo hata nyumba ambayo baba ni Mwananchi na mama ni Mnyama inaweza kuridhisha pande zote mbili kwa asubuhi moja.

Mzazi asiende akitarajia dirisha la tiketi na mwongozaji wa wageni kama kule Manchester. Majengo haya ni ya kazi, yana ofisi na shughuli za klabu. Njia salama ni kuwasiliana na klabu wiki moja au mbili kabla, kupitia kurasa zake rasmi au tawi la mashabiki la Dodoma, na kuuliza mambo matatu: siku gani wageni wanaruhusiwa, watoto wataona nini, na kama kupiga picha kunaruhusiwa. Mtoto aelezwe mapema majibu yaliyotolewa, ili asije akalia getini kwa kukosa kuona kombe.

Kituo cha pili ni Temeke, na hapa mtoto atacheka, kwa sababu huko nako kuna Chang'ombe. Jirani na Chang'ombe hiyo ya Dar es Salaam kuna viwanja viwili vilivyopakana. Uwanja wa Uhuru, ambao wenyeji huuita Shamba la Bibi, ndipo bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa Desemba 1961. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi ya watu 60,000, na mwaka 2020 ukapewa jina la Rais huyo wa awamu ya tatu baada ya kifo chake. Kuingia ndani siku isiyo na mechi kunahitaji ruhusa, na mara nyingine uwanja hufungwa kwa matengenezo, hivyo ni vizuri kuulizia kabla.

Nafasi ikiwepo, Makumbusho ya Taifa iliyopo Mtaa wa Shaaban Robert itamzoeza mtoto namna ya kutazama vitu vya kale. Hapo kuna historia ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi. Kule Kijitonyama, Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na mtoto wa Dodoma anaweza kuzilinganisha na tembe la Kigogo aliloliona kwa bibi.

Chagua tarehe kwa akili

Likizo za Juni na Desemba ndizo zinazofaa zaidi. Juni hali ya hewa ya Dar es Salaam huwa ya ubaridi kidogo, wakati Desemba joto na unyevu huwa vikali kwa mtoto aliyezoea ukavu wa Dodoma. Machi hadi Mei ni masika, na eneo la Jangwani linafahamika kwa kujaa maji mvua kubwa zinaponyesha. Familia yenye watoto wadogo iepuke miezi hiyo.

Agosti ina mvuto wake. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga hufanyika kabla ya msimu kuanza, na mtoto angefurahi sana kuwepo. Hata hivyo siku hizo umati ni mkubwa mno. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, siku ya kawaida isiyo na mechi ni bora: ataona vizuri, atauliza maswali, na mzazi hatakuwa na hofu ya kumpoteza.

Hesabu kabla ya ahadi

Nauli za SGR zilipotangazwa mwaka 2024, daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma lilikuwa Sh31,000 kwa mtu mzima na Sh15,500 kwa mtoto wa miaka minne hadi 12. Kwa hesabu hiyo, baba, mama na watoto wawili wenye miaka minane na 11 wanahitaji Sh93,000 kwenda, na Sh186,000 kwenda na kurudi. Nauli hubadilika, na treni za haraka zina bei ya juu zaidi, hivyo mzazi ahakikishe bei ya sasa kabla ya kukata tiketi. Wakati wa likizo tiketi huisha mapema.

Juu ya nauli kuna chakula, usafiri wa ndani ya jiji, malazi kama hakuna ndugu wa kufikia, na jezi. Jezi ndiyo inayovuruga bajeti za wengi, kwa sababu mtoto akifika Kariakoo ataona jezi kila duka. Mzazi aseme tangu nyumbani kwamba kila mtoto atanunuliwa kitu kimoja, na cha bei gani.

Njia nzuri ni kuweka fedha kidogo kidogo kwa miezi sita na kumshirikisha mtoto. Anayehitaji Sh360,000 aweke Sh60,000 kwa mwezi, na mtoto awe anaweka alama kwenye kalenda ukutani. Mtoto anayeona fedha zikikusanywa huelewa kwa nini leo hakuna soda. Safari ya mkopo haifai, hasa ile ya Desemba, kwani Januari ina mahitaji ya shule.

Afya: mambo ambayo wengi husahau

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na mtoto aliyekulia huko hana kinga kubwa dhidi ya ugonjwa huo. Akienda Pwani alale ndani ya chandarua hata kama ni usiku mmoja. Dar es Salaam pia imewahi kupata milipuko ya homa ya dengue, ukiwemo wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Mbu wanaoieneza huuma mchana, hivyo dawa ya kujipaka na nguo za mikono mirefu zina kazi hata saa nne asubuhi.

Homa ikimpata mtoto ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kurudi, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe wazi kwamba mtoto alikuwa Dar es Salaam. Asipewe dawa ya malaria kwa kukisia. Kabla ya vipimo, asipewe aspirini, diklofenaki wala brufeni, kwa sababu kama ni dengue dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha kushusha homa wakati wa kuelekea kituoni.

Mtoto mwenye seli mundu anaweza kwenda, ila mpango wake uwe wa pekee. Baridi, kiu na uchovu ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali. Behewa la SGR lina kiyoyozi, hivyo sweta na soksi zikae kwenye mkoba wa mkononi. Anywe maji mara kwa mara, asitembezwe juani saa sita hadi saa tisa, na dawa zake za kila siku zisikatishwe. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwani vumbi na moshi wa Kariakoo si wa mchezo. Wote wabebe kadi ya bima na kadi ya kliniki, na mzazi ajue kituo cha afya kilicho karibu na watakapolala.

Kwa wanaokwenda kwa basi, kichefuchefu huwasumbua zaidi watoto wa miaka miwili hadi 12. Wapewe chakula chepesi, waepuke chipsi na maandazi yenye mafuta mengi, wakae mbele na kutazama nje badala ya simu. Chakula cha njiani kiwe cha moto au tunda la kumenya, na mikono ioshwe kwa sabuni. Pakiti mbili za ORS kwenye mkoba hazina uzito, na zinasaidia sana tumbo likichafuka.

Usingizi nao ni dawa. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12 kwa usiku. Aliyeamshwa saa tisa alfajiri kuwahi treni hataona chochote Msimbazi zaidi ya kulia. Panga treni ya muda wa kawaida, tembelea sehemu mbili tu kwa siku, na katikati kuwe na mapumziko ya chakula kivulini.

Kwenye umati

Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni mwa mtoto, kwa sababu aliyeshikwa na woga husahau hata jina la baba yake. Kila wanapofika sehemu mpya, waoneshane mahali pa kukutania wakipotezana. Mzazi ampige picha mtoto asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, ili akihitaji kumtafuta awe na cha kuonyesha.

Kama kuna mechi au sherehe, masikio yalindwe. Vuvuzela ikipulizwa karibu huzidi desibeli 100, kiwango kinachoweza kuumiza usikivu wa mtoto. Familia ikae mbali na ngoma na vuvuzela.

Utani, machozi na kubeti

Safari hii ni nafasi adimu ya kumfundisha mtoto kushindwa. Historia ya watani hawa wa jadi ina mifano tele. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa 6-0, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu. Mwaka 2012 Simba ikashinda 5-0, na Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1. Simba ilipoteza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 mbele ya Stella ya Ivory Coast. Yanga ikapoteza ile ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, na Simba ikapoteza fainali hiyo hiyo mwaka 2025 mbele ya RS Berkane. Mtoto akielewa kwamba kila kizazi kililia na kesho yake kikaenda shule, atavumilia hata utani wa darasani.

Wazazi nao wajichunge. Kumzomea mtoto kwa sababu timu yake imefungwa si utani kama machozi yanamtoka. Na kwa kuwa matangazo ya kubeti yamezunguka soka lote, mtoto aambiwe waziwazi kwamba sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, na kwamba baba kumtuma mtoto kuchagua timu za mkeka ni kumfundisha.

Kama fedha haitoshi mwaka huu

Safari inaweza kuanzia hapa hapa mjini. Uwanja wa Jamhuri ni nyumbani kwa Dodoma Jiji, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, na Simba na Yanga huja kucheza nayo. Siku ya kawaida ya ligi, tiketi na maji ya kunywa vinatosha kumpa mtoto kumbukumbu.

Kisha kuna hazina isiyohitaji nauli: babu na bibi, au mzee wa jirani aliyesikiliza mechi za miaka ya sabini kwenye redio. Mtoto aandae maswali matano, amwamkie mzee shikamoo, aombe ruhusa na kurekodi majibu kwa simu ya mzazi. Alikuwa wapi Taifa Stars ilipokwenda Nigeria mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika? Nani alimfundisha kuipenda timu yake? Tiketi za zamani, picha na jezi iliyopauka viwekwe kwenye boksi moja, kila kimoja na karatasi inayosema ni cha nani na cha mwaka gani.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mtoto atakayeanza boksi lake likizo hii atakuwa na mahali pa kuweka tiketi hiyo.