Kumchunguza Mvamizi na Mwenyeji kwa Pamoja

Bakteria wa salmonela, aletaye maradhi ya kuhara na, kwa watoto wengi wa Afrika, maambukizo ya damu yanayoua, huzaliana ndani ya chembe za mwili wenyewe. Zamani wataalamu walimchunguza peke yake chupani. Lakini bakteria wa chupani si yule aliye vitani.

Mwaka 2016 kundi la Jörg Vogel wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, lilitangaza matokeo ya njia nyingine, inayofuata elimu ya mifumo ya viumbe. RNA yote ya chembe za binadamu zilizoambukizwa, yaani nakala zinazotolewa na jeni, ilisomwa kwa mkupuo mmoja pamoja na ile ya bakteria waliomo. Kompyuta ndiyo iliyotenganisha ya mgeni na ya mwenyeji. Kazi ngumu, kwani ya mgeni ni kidogo mno.

Hapo ikaonekana RNA fupi iitwayo PinT. Bakteria akishaingia, PinT huongoza majira: lini silaha za kuvunjia mlango zikome, na lini zile za kuishia ndani zianze. Ilipoondolewa, hata mwenendo wa jeni za binadamu ulibadilika. Vipimo vya kawaida vya ukali wa maradhi mara nyingi havigundui kazi za RNA fupi kama hizi.