Daktari wa mifugo naye ataulizwa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa watu na wanyama. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa viumbe wote.

Ndugu msomaji, binadamu akiugua husema panapomuuma, na akidhulumiwa hushitaki. Ng'ombe, mbuzi na paka hawana uwezo huo. Baba anapomkabidhi daktari ng'ombe wake wa maziwa, ambaye pengine ndiye ada ya shule ya wanawe, huwa amekabidhi amana mbili: mali yake, na uhai wa kiumbe kisichosema. Je, daktari huyo akimpiga mnyama ili atulie, akimpasua bila ganzi ilhali ganzi anayo, akimdunga dawa kwa kubahatisha, au akimwacha kizimbani bila maji, nani atamuuliza?

Uislamu umekwisha jibu: ataulizwa duniani, na ataulizwa Akhera.

Katika Hadithi ya Abdullah bin Umar (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia asimlishe, wala asimwachie ajitafutie riziki ardhini. Tuzingatie kwamba hatuambiwi kuwa alimpiga. Maadamu mlango ulikuwa mkononi mwake, njaa ya paka yule ilikuwa juu yake. Basi na mnyama aliyelazwa katika kliniki usiku kucha, hana mlezi mwingine ila aliyeshika ufunguo.

Naye Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya Ansari mmoja, akamkuta ngamia ambaye alipomwona alilia hata machozi yakamtoka. Mtume alimpangusa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Kijana alipojitokeza, alionywa amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani ngamia alikuwa akishindishwa na njaa na kuchoshwa kwa kazi. Ikiwa mwenye mali aliulizwa juu ya mali yake, vipi aliyepewa mali ya mwenziwe aitibu?

Dhamana ya tabibu

Imepokewa vilevile katika Abu Dawud kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo, madhara atakayoyaleta ni dhamana yake. Wanazuoni hawakuishia kwa tabibu wa watu. Katika karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa masoko, waitwao muhtasib, akaweka ndani yake mlango wa waganga wa wanyama. Mganga aliyemlemaza au kumwua mnyama kwa kutojua kazi, alipaswa kulipa hasara. Ama mjuzi aliyefanya kazi kwa uangalifu, kisha kudra ikapita, huyo halaumiwi.

Zama zetu nazo zina wasimamizi wake. Tanzania Bara, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, ambalo husajili wataalamu na kuwachukulia hatua za nidhamu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeufanya ukatili kwa wanyama kuwa kosa.

Wajibu wetu wenye mifugo

Lakini sheria haisikii kilio cha ng'ombe. Husikia malalamiko ya mwenye ng'ombe. Tumuulize anayekuja kutibu kama amesajiliwa. Tuwepo anapofanya kazi, tuandike jina la dawa na tarehe. Tukiona dhuluma, tuifikishe kwa afisa mifugo au kwa Baraza, tukisema tuliyoyaona bila kuongeza, kwani kumsingizia mtu nako ni dhuluma. Na tusimwite asiyesomea kazi hiyo kwa kutafuta urahisi wa bei, kisha tukamlaumu peke yake mnyama anapokufa. Hapo tumeshiriki.

Nanyi madaktari wa mifugo, wengi wenu mnaamka usiku wa manane kumzalisha ng'ombe wa jirani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa yupo aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kazi yenu ni mlango huohuo wa thawabu. Msiruhusu wachache waugeuze kuwa mlango wa adhabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma kwa kila chenye roho. Amin.